Kelele za pembeni zinaingiaga mguuni kwa njia gani?



Kiangazi kilichopita tulitoka Aveba na timu yetu ya vijana, watu watatu watatu juu ya pikipiki, kwenda kucheza kwa majirani. Jina la kijiji ninaliacha, kwa sababu mutaona kwamba hata kwetu mambo ni yale yale. Mimi nachezaga nyuma, upande wa kuume. Kile kiwanja hakikuwa na kamba wala chokaa. Mstari wa pembeni ulikuwa ni miguu ya watu. Kila mara nilipotaka kurusha mpira ilibidi niombe njia: «Samahani papa, samahani mama.» Na kila mara, kijana mmoja nyuma ya shingo yangu alikuwa ananiambia neno juu ya kabila langu. Hakupiga kelele hata kidogo. Alisema polepole, karibu na sikio, sawa mtu anayekupa habari.

Dakika ya 60 hivi, mpira rahisi ukakuja kwangu. Mtoto wa shule ya msingi angeutuliza. Nikauangalia, halafu nikaangalia mguu wangu, na mpira ukapita chini ya soli. Goli. Tukapoteza moja kwa sifuri, na njia yote ya kurudi hakuna aliyenisemesha.

Mimi nilipata lisansi ya agronomia, si ya saikolojia. Lakini lile goli lilinikatalia usingizi, nikaanza kusoma na kuangalia mechi kwa jicho lingine. Nilitaka kujua kama wale wenye kulipwa, wenye daktari, kocha na hoteli, nao wanapatwaga na jambo hili. Jibu ni ndiyo, ila si kwa njia tunayofikiria.

Tuanze na mfano ambao wapenzi wa mpira wa Congo na wa Tanzania wanaujua vizuri. Ligi ya Mabingwa ya Afrika, msimu wa 2018/19. Simba ya Dar es Salaam iliingia kwenye kundi moja na AS Vita Club yetu ya Kinshasa, Al Ahly ya Misri na JS Saoura ya Algeria. Simba ilitoka nje mara tatu. Kinshasa ilifungwa 5-0. Misri ilifungwa 5-0. Algeria ilifungwa 2-0. Hesabu: magoli 12 ya kufungwa, hakuna hata moja la kufunga. Sasa angalia Simba ile ile nyumbani, kwenye uwanja wa taifa wa Dar: Saoura 3-0, Al Ahly 1-0, Vita 2-1, na lile goli la ushindi Chama akalifunga mwishoni kabisa. Pointi 9, zote za nyumbani, na ikapita robo fainali. Watanzania wakawa na msemo wao, «Kwa Mkapa hatoki mtu», na nambari ziliwapa haki.

Vita iliyofunga tano mwezi wa kwanza ndiyo Vita iliyopoteza mwezi wa tatu. Wachezaji hawakubadilika sana. Basi kilichobadilika ni nini?

Watu wanajibuga haraka: kelele zinatia woga, woga unalegeza miguu. Kuna ukweli ndani, lakini ni mdogo. Mchezaji wa kulipwa ameshazoea kelele. Mukimwambia kwamba watu 60,000 wanamzomea, atawaambia hiyo ni kazi ya Jumapili. Kinachomsumbua ni kingine. Kutuliza mpira ni jambo ambalo mwili wake umefanya mara maelfu bila kuuliza ruhusa kwa kichwa, sawa vile mama anavyokata sombe huku anazungumza na jirani. Kisu kinaenda chenyewe. Mwambie: «Angalia, utajikata!» Ataanza kuangalia kidole, na pale ndipo atajikata. Zomea-zomea inafanya hivyo hivyo. Inamrudisha mchezaji ndani ya mwili wake, anaanza kusimamia mguu ambao haukuhitaji msimamizi. Mpira wa kwenda mbele anauona umejaa hatari, anaurudisha nyuma kwa kipa. Kipa naye anazomewa. Hapo timu inaanza kucheza kwa kukwepa kosa, haitafuti tena goli. Ni hilo ndilo lilinipata. Sikuwa na woga, nilikuwa nimeanza kujiangalia.

Upande wa wenyeji kuna jambo la mwili pia. Watafiti wawili wa Uingereza, Neave na Wolfson, walipima mate ya wachezaji kabla ya mechi na wakaandika matokeo yao mwaka 2003. Homoni ile ya kiume, testosteroni, ilikuwa juu zaidi kabla ya mechi za nyumbani, na zaidi sana kama mpinzani ni wa uadui. Wakaifananisha na mnyama anayelinda eneo lake. Mwenye kufuga mbuzi dume hatashangaa.

Lakini ndugu zangu, mlango mkubwa ambao kelele zinapitia si mguu wa mchezaji. Ni filimbi.

Kuna jaribio moja ninalipenda sana kwa vile lilifanywa kwa namna rahisi, karibu sawa shamba letu la majaribio: kipande kimoja na mbolea, kingine bila mbolea, vingine vyote sawa. Nevill na wenzake walichukua waamuzi 40 wenye cheti, wakawaonyesha video ya mechi ya Liverpool, wakawaomba waseme kila mgongano kama ni kosa ao si kosa. Wengine walisikia sauti ya watu uwanjani, wengine waliangalia kimya. Picha ni zile zile. Wale waliosikia kelele walitoa makosa machache zaidi dhidi ya timu ya nyumbani, upungufu wa 15.5 kwa mia. Hakuna aliyewahonga. Hakuna aliyewatisha, walikuwa wamekaa kwenye kiti ndani ya chumba. Sikio tu ndilo lilisaidia jicho kuamua. Utafiti ulitoka mwaka 2002.

Halafu ukakuja ugonjwa wa Covid, na dunia nzima ikawa shamba la majaribio. Ujerumani ilirudisha ligi yake Mei 2020 bila watazamaji. Kabla ya kusimama, timu za nyumbani zilikuwa zinashinda karibu mechi 43 kwa mia. Baada ya kurudi, viti vikiwa vitupu, ikashuka karibu na 33. Uingereza, msimu wa 2020/21 ambao karibu wote ulichezwa bila watu, wageni walishinda mechi 153 na wenyeji 144. Kwenye ligi yao ya juu jambo hilo halikuwa limetokea hata mara moja tangu waanze kuhesabu. Na waliohesabu kadi waliona kwamba ile tabia ya kumwadhibu mgeni zaidi ilipungua sana. Watu walipoondoka, kilichoanza kubadilika wazi ni kadi za mwamuzi.

Mfano wa kusikitisha ni wa mtoto wetu, ndiyo, ninamwita mtoto wetu, wazazi wake ni Wacongo: Romelu Lukaku. Tarehe 4 Aprili 2023, nusu fainali ya kombe la Italia, Inter wako Torino kwa Juventus. Dakika za nyongeza Lukaku anapewa penalti. Nyuma ya goli, sehemu ya mashabiki inamtupia matusi ya rangi. Anafunga. Anasimama, anaweka mkono mmoja kichwani sawa askari, na kidole cha mkono mwingine mdomoni: nyamazeni. Mwamuzi anamletea kadi ya njano, ya pili, anatoka nje. Yaani aliyetukanwa ndiye aliyeadhibiwa. Baadaye rais wa shirikisho la mpira la Italia aliifuta ile adhabu ya kutocheza mechi inayofuata. Lakini usiku ule, ndani ya ule uwanja, wenye kutukana walipata walichotaka, na mkono uliowapa ulikuwa wa mwamuzi.

Sasa niruhusuni niingie kwenye kazi yangu, kwa sababu uadui hautokagi kwa watu tu. Kuna uadui wa udongo.

Kiwanja chetu cha Aveba ni udongo mwekundu wa mfinyanzi. Ng'ombe wanapita, watoto wa shule wanapita, pikipiki zinakata kona pale kwenye goli la chini. Kila mguu unafunga matundu madogo ambayo hewa na maji vingepitia. Mwezi wa kwanza niliingiza kisu cha jikoni pale katikati: sentimita 2 hivi, kikagoma. Udongo kama huo, mpira ukianguka unaruka juu sawa uko kwenye simenti. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kuingia, yanakaa, mpira unakufa ndani ya matope. Sisi tunajua kwamba karibu na mti wa avoka mpira unakataga kushoto. Mgeni hajui. Ile faida ya nyumbani wengi wanaisema ni roho ya wahenga, mimi nasema nusu yake ni huo mti wa avoka.

Ma timu makubwa nayo yanajua. Majani yakikatwa mafupi na kumwagiliwa maji kidogo kabla ya mechi, mpira unateleza haraka. Yakiachwa marefu na makavu, unachelewa. Anayependa pasi fupi anataka ya kwanza, anayependa kujilinda anataka ya pili. Majani yenyewe yana tabia: ile nyasi ya kutambaa ambayo wakulima wetu wanailaani mashambani, Cynodon dactylon kwa jina la kisayansi, ndiyo inayovumilia kukanyagwa, ila haipendi kivuli. Kiwanja kikiwa na paa kubwa inaanza kufa pembeni. Na pale ambapo wameweka majani ya bandia, kama kwa TP Mazembe huko Kamalondo, Lubumbashi, mruko wa mpira ni uleule siku zote, lakini jua likiwaka plastiki inapanda zaidi ya nyuzi 50 za joto, na mchezaji aliyezoea majani ya kweli anaanza kupima kila hatua juu ya goti lake. Tumesharudi pale pale: anajiangalia.

Tena kuna hewa. Dar iko kando ya bahari, Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu, sawa na Bunia. Hiyo si kitu cha kumuua mtu, lakini ukiweka juu yake ndege ya usiku, chakula kigeni na usingizi mbaya, inaongezeka. Mahali pa kutisha kweli ni La Paz ya Bolivia, zaidi ya mita 3,600. Argentina ya Messi, kocha akiwa Maradona, ilifungwa kule 6-1 mwaka 2009. Nadhani hapo hata watazamaji hawakuhitajika.

Muniulize: basi kila mgeni anapoteza? Hapana. Ile Simba ya 2019, robo fainali ilikutana na Mazembe. Dar es Salaam, mbele ya uwanja uliojaa, Mazembe walitoka 0-0. Kule Lubumbashi, Okwi aliifungia Simba mapema kabisa, watu wakanyamaza, lakini Mazembe wakarudi na kushinda 4-1. Mazembe wameshachukua hilo kombe mara tano. Wameshapita Kaskazini, wameshazomewa Kiarabu, Kifaransa na Kiingereza. Timu sawa hiyo inajua kwamba dakika 20 za kwanza ni za watu, na ukizipitisha bila kuvunjika, watu wenyewe wanaanza kuchoka. Makocha wengine wanawekaga spika kubwa kwenye mazoezi na kufundisha ishara za mkono, kwani uwanja ukiwaka hata jirani yako wa mita tano hakusikii.

Na kuna jambo tunalisahau: kelele hazina uraia. Tarehe 9 Septemba 2025, Stade des Martyrs, Leopards wanaongoza Senegal 2-0, Bakambu na Wissa wameshafunga. Kinshasa nzima iko Kombe la Dunia tayari. Senegal wanarudisha moja, wanarudisha la pili, na dakika za mwisho wanapata la tatu. Yule aliyeona mechi aliona namna wachezaji wetu walivyobadilika baada ya goli la kwanza la Senegal. Ule uwanja uliokuwa unawabeba ukaanza kuwakalia juu. Mwisho ukawa fujo kwenye viti. Miezi miwili nyuma yake, timu ile ile ikaenda Rabat, Morocco, uwanja wa wengine, ikaifunga Cameroon 1-0 kwa goli la Mbemba dakika ya nyongeza, halafu Nigeria kwa penalti, ya mwisho akaipiga Mbemba tena. Sisemi kwamba Kinshasa ni mbaya. Ninasema uzito wa watu wako unaweza kuwa mzito kuliko wa adui.

Huyu Mbemba nimemtaja mara mbili kwa sababu. Januari 2024, kwenye Kombe la Afrika huko Côte d'Ivoire, baada ya sare ya 1-1 na Morocco, kulitokea mvutano kati yake na kocha wa Morocco. Kwenye simu yake ikamiminika mvua ya matusi ya rangi. Zamani mchezaji alikuwa anatoka uwanjani na kelele zinabaki pale. Leo zinamfuata chumbani, zinalala naye kwenye mto. Na tusi la namna hiyo si sawa na kuzomewa. Ukinizomea kwa sababu ninacheza vibaya, nina dawa: nitacheza vizuri. Ukinitukana kwa sababu ya nilivyozaliwa, dawa yake ni nini? Hata nikifunga magoli kumi nitabaki nilivyo. Ndiyo maana lile neno la polepole nyuma ya shingo yangu lilifanya kazi ambayo ngoma na filimbi hazikufanya.

Nimesema mambo ya kichwa na filimbi, lakini sisi Wacongo tunajua mwisho mwingine. Tarehe 11 Mei 2014, Vita na Mazembe, uwanja wa Tata Raphaël, ule ule ambao Ali alimpiga Foreman mwaka 1974. Mazembe wakiwa mbele 1-0, mawe yakaanza kurushwa, polisi wakatupa gesi ya machozi, watu wakakimbilia milango. Watu 15 walikufa. Wachezaji walifika nyumbani, wale 15 hapana.

Sasa nimalizie ile habari ya kwetu, maana haikuisha.

Wiki tatu baadaye wale majirani wakakuja Aveba kwa mechi ya kurudishana. Mimi nilikuwa na kifundo cha mguu kimevimba, nikakaa pembeni na wengine. Watu wetu walisogea mpaka juu ya mstari, sawa kule. Winga wao wa kushoto nilimjua, tulikuwa naye iniversite moja Bunia, tulishakula sombe ya sahani moja mwisho wa mwezi. Kila akikuja kuchukua mpira, vijana wetu walimwambia maneno. Yale yale, wamebadilisha tu jina la kabila. Dakika ya 70 alipiga krosi ikaenda nyuma ya goli, mbali kabisa, na watu wakacheka. Mimi nami nikacheka. Akageuka, akaniona.

Mwamuzi siku ile alikuwa mwalimu wa kwetu, mtu mzuri, ananunuaga chumvi duka moja na wale waliokuwa wanamfokea. Alitupa penalti. Mimi nilikuwa mita nne kutoka pale: haikuwa penalti. Tukashinda 2-1.

Nilimtumia yule rafiki ujumbe usiku. Alijibu baada ya siku mbili: «Ni mupira tu, yaya.» Tangu siku hiyo hajaniandikia, na mimi ninajua maana ya «tu» katika hiyo sentensi.

Mechi nyingine imepangwa kiangazi kinachokuja, safari hii kati ya wanafunzi wetu na wao. Kwenye kikao cha wiki iliyopita mzee mmoja alitoa wazo tucheze bila watu, kama wakati wa Covid. Nilipinga. Uwanja bila watu ni shamba bila mvua, na mama zetu wenye kuuza karanga wangekula nini? Nilichoomba ni kidogo. Kamba ya mkonge kuzunguka kiwanja, mita tatu nyuma ya mstari, ili mtu akitaka kumtukana mchezaji ashurutike kupaza sauti na wote wamsikie. Mwamuzi atoke Bunia, asiye na duka la chumvi huku, na tumlipie pikipiki ya kurudi kabla ya mechi kuanza. Na ule mti wa avoka tuwaonyeshe wageni asubuhi, wapige mipira michache pale wajionee inavyokata.

Juu ya kamba walikubali. Juu ya mwamuzi wanatafuta pesa. Juu ya mti wa avoka walicheka sana, na kocha wetu alisema mimi ni msaliti.